Homa na Hedhi: Virusi Vinapovuruga Hesabu ya Mwezi

Katika Kiswahili cha kila siku mwanamke aliye katika hedhi husemwa kuwa yuko katika siku zake au kwamba yuko mwezini, na misemo yote miwili imejengwa juu ya hesabu, kwa kuwa waliotangulia waliona wazi kwamba damu hiyo hurudi kwa mpango unaoweza kufuatiliwa. Hesabu hiyo inapokosea wiki chache baada ya homa kali, sababu zinazotajwa kwanza huwa ni mimba, dawa alizomeza mgonjwa au, tangu mwaka 2021, chanjo ya UVIKO-19. Kirusi chenyewe kilichomlaza kitandani hutajwa mwisho, kama kitatajwa. Mpangilio huo wa lawama unafaa kupinduliwa, maana virusi vina njia angalau tatu za kuufikia mzunguko wa hedhi, yaani kupitia ubongo, kupitia uzito wa mwili na kupitia damu yenyewe, na mara nyingi mzunguko huvurugika huku ovari, ambazo ndizo hofu ya wengi, zikiwa salama kabisa.

Ubongo unatangulia kwa sababu mzunguko wa hedhi huanzia huko. Sehemu ndogo iliyo upande wa chini wa ubongo iitwayo haipothalamasi, ambayo pia husimamia njaa, usingizi na joto la mwili, hutoa homoni kwa mapigo, takriban kila dakika 60 hadi 90 katika nusu ya kwanza ya mzunguko, na mapigo hayo huiamuru tezi ya pituitari iachie katika damu homoni mbili, moja ya kukuza kifuko chenye yai ndani ya ovari na nyingine ya kukipasua kifuko hicho ili yai litoke. Kifuko kinapokua hutengeneza estrojeni, ambayo huujenga upya utando wa ndani wa mji wa mimba. Yai likishatoka, mabaki ya kifuko hugeuka kuwa tezi ya muda inayotengeneza projesteroni, homoni inayoushikilia utando huo usibomoke. Mimba isipotunga, tezi hiyo hunyauka, projesteroni hushuka, na utando hubomoka na kutoka pamoja na damu. Kwa mwanamke mzima, mzunguko wa siku 24 hadi 38 na damu isiyozidi siku 8 huhesabiwa kuwa ndani ya kawaida, na kiasi cha damu yenyewe ni kidogo kuliko wengi wanavyodhani, kwa wastani mililita 30 hadi 40, ambazo ni kama vijiko 6 hadi 8 vya chai.

Kirusi kinapoingia mwilini, chembe za kinga hutoa protini za kupelekeana taarifa ziitwazo saitokini, na hizo, zaidi ya kirusi chenyewe, ndizo zinazoleta homa, maumivu ya viungo na kukosa hamu ya kula. Saitokini hizohizo huifikia haipothalamasi, huamsha homoni za mfadhaiko ikiwamo kotisoli, na kwa pamoja hupunguza kasi na nguvu ya mapigo yaliyoelezwa hapo juu. Majaribio yaliyofanywa kwa kondoo majike yanafundisha jambo muhimu hapa, kwani wanyama hao walipodungwa sumu ya bakteria, bila kijidudu chochote kilicho hai, mapigo ya homoni yalififia na yai likachelewa au likakosa kutoka, ushahidi kwamba mwitikio wa kinga peke yake unatosha kuusimamisha mzunguko hata kama ugonjwa haujafika karibu na viungo vya uzazi. Tafsiri ya kibaiolojia haina utata mkubwa: mwili unaopigana vita huahirisha kushika mimba.

Kinachowachanganya wagonjwa, na wakati mwingine hata wahudumu wa afya, ni kwamba athari hiyo hutegemea siku ambayo homa ilianza. Nusu ya pili ya mzunguko, tangu yai kutoka hadi damu kuonekana, haibadiliki sana urefu wake, kwa kawaida huwa siku 12 hadi 14, na kwa hiyo karibu ucheleweshaji wote hutokea katika nusu ya kwanza. Achukuliwe mwanamke mwenye mzunguko wa siku 28, ambaye yai lake hutoka karibu na siku ya 14. Akishikwa na homa kali ya virusi siku ya 9, na kifuko cha yai kikasimama kukua kwa juma zima, yai litatoka siku ya 21 na damu itaonekana baada ya siku ya 35, kwa hiyo atakuwa amechelewa kwa siku 7 wakati homa ilikwisha karibu wiki 3 nyuma na yeye mwenyewe ameshaisahau. Homa hiyohiyo ikimshika siku ya 20, yai likiwa limekwishatoka, kalenda yake huenda isitikisike kabisa. Ndugu wawili wa nyumba moja wanaweza basi kuambukizwa kwa wakati mmoja, mmoja akakosa hesabu na mwenzake akabaki vilevile, na tofauti yao isiwe ya uimara wa mwili wala ya ukali wa kirusi.

Ipo mifano michache ya virusi vinavyoishambulia ovari moja kwa moja, na unaojulikana zaidi ni ule wa matubwitubwi, ugonjwa wa kuvimba tezi za mate, ambao kwa takriban mwanamke 1 kati ya 20 wanaoupata baada ya kubalehe huleta uvimbe wa ovari na maumivu ya chini ya tumbo. Wengi wao hupona bila kovu lolote la maana. Kukoma kwa hedhi kabla ya umri kwa sababu ya matubwitubwi kumeripotiwa, lakini ni nadra sana.

Janga la UVIKO-19 ndilo lililolitoa suala hili katika vyumba vya mashauri na kulileta hadharani. Mwanzoni mwa janga, madaktari wa mji wa Wuhan nchini China walichunguza kumbukumbu za hedhi za wagonjwa 177 walio katika umri wa kuzaa, na katika matokeo yaliyochapishwa Januari 2021 walieleza kwamba robo yao walikuwa wameona mabadiliko ya kiasi cha damu, na asilimia 28 mabadiliko ya urefu wa mzunguko, wengi wakipata damu kidogo kuliko kawaida na mzunguko mrefu zaidi. Walipopima homoni za wagonjwa 91 na kuzilinganisha na za wanawake 91 wasiougua, ikiwamo ile inayoonyesha akiba ya mayai, hawakukuta tofauti ya maana, na karibu wote mzunguko wao ulirudi katika hali yake ndani ya mwezi mmoja au miwili baada ya kupona. Kirusi cha korona hushika mlango wa seli uitwao ACE2, ambao unapatikana pia katika ovari na katika utando wa mji wa mimba, na kwa sababu hiyo uwezekano wa shambulio la moja kwa moja ulikuwa na mantiki. Lakini takwimu za Wuhan zilielekeza zaidi kwenye ile njia ya ubongo, kwa kuwa ovari iliyoharibiwa hairudi kazini katika miezi miwili.

Kisha zikaja chanjo, na pamoja nazo malalamiko. Tanzania ilianza kuchanja Julai 2021, wakati ambapo uvumi kwamba sindano hiyo inaharibu uzazi ulikuwa umeshatangulia kufika, na mwanamke aliyeona siku zake zimechelewa baada ya kuchanjwa alikuwa na maelezo mawili tu mbele yake, moja la mtaani lililosema kwamba kizazi chake kimefungwa na jingine la kitabibu lililosema kwamba hakuna kitu kama hicho. Maelezo yote mawili yalikuwa na makosa. Majaribio makubwa ya chanjo hizo hayakuwa yamekusanya taarifa za hedhi kwa utaratibu, hivyo waliosema kwamba hakuna mabadiliko walikuwa wakisema jambo wasilolipima. Agosti 2021 Taasisi za Taifa za Afya za Marekani zilitenga dola milioni 1.67 kwa taasisi tano ili jambo hilo lichunguzwe, na Januari 2022 Alison Edelman wa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi cha Oregon na wenzake walichapisha uchambuzi wa kumbukumbu za watu 3,959 waliokuwa wakiandika hedhi zao katika programu ya simu, 2,403 kati yao wakiwa wamechanjwa. Mzunguko wa waliochanjwa ulirefuka kwa chini ya siku moja kwa kila dozi, na kwa wale waliopata dozi mbili ndani ya mzunguko mmoja ulirefuka kwa takriban siku mbili, kabla ya kurudi ulivyokuwa. Uchunguzi wa pili wa watafiti hao, uliohusisha watu 19,622 wa nchi mbalimbali, ulitoa jibu lilelile. Oktoba 2022 kamati ya usalama ya Shirika la Dawa la Ulaya ilipendekeza hedhi nzito iandikwe katika orodha ya athari zinazowezekana za chanjo mbili za teknolojia ya mRNA, zile za Pfizer na Moderna.

Somo la kisayansi ni kwamba chanjo huamsha saitokini zilezile ambazo kirusi huziamsha, ila kwa kiasi kidogo na kwa muda mfupi, na kwa hiyo kusogea kwa siku moja kulitarajiwa na yeyote aliyejua fiziolojia ya kondoo majike waliotajwa awali. Laiti swali moja la tarehe ya hedhi lingewekwa katika fomu za majaribio ya mwaka 2020, wauguzi wa vituo vya chanjo wangekuwa na jibu la kweli la kuwapa wanawake, na uvumi ungekosa nafasi ya kukaa.

Kwa wale ambao dalili za UVIKO-19 hazikuisha, picha ni nzito zaidi. Utafiti ulioongozwa kutoka Chuo Kikuu cha Edinburgh na kuchapishwa mwaka 2025, ambao ulitumia majibu ya wanawake zaidi ya 12,000 wa Uingereza, ulikuta kwamba wenye UVIKO wa muda mrefu walielekea zaidi kupata hedhi nzito, hedhi ndefu na damu ya katikati ya mzunguko, huku kazi ya ovari ikionekana kuwa ya kawaida na utando wa mji wa mimba ukionyesha alama za uvimbe. Uhusiano huo ulikwenda pande zote mbili, kwani uchovu na dalili nyingine zilizidi siku mbili kabla ya damu kuanza na wakati inapotoka. Hedhi nzito ya miezi mingi humaliza madini ya chuma, na upungufu wa chuma huleta uchovu na kuhema, dalili ambazo ni rahisi kuzibandika jina la UVIKO bila kupima damu.

Njia ya pili, ile ya uzito wa mwili, huonekana wazi kwa wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Mafuta ya mwilini hutoa homoni iitwayo leptini, ambayo kwa haipothalamasi ni kama ripoti ya ghala: ikishuka sana, ubongo hutafsiri kwamba chakula hakitoshi kubeba mimba na husimamisha hedhi. Mwanamke ambaye VVU vimemkondesha, kinga yake ikiwa chini na magonjwa nyemelezi yakimwandama, anaweza kukaa miezi mitatu au zaidi bila kuona damu, na katika hali nyingi hedhi hurudi pale dawa za kufubaza virusi zinapoanza kufanya kazi na uzito unapopanda. Kwa Afrika Mashariki yapo mambo mawili ya kuongeza. La kwanza ni kwamba kifua kikuu, ambacho ni ugonjwa wa bakteria lakini huandamana na VVU, kinaweza kufika kwenye mji wa mimba na kuuharibu utando wake, na hapo ukosefu wa hedhi hautatibiwa na uzito. La pili lilionekana Kampala, ambako utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulifuatilia wanawake 20 waliokuwa wakitumia kijiti cha uzazi wa mpango chenye homoni ya levonojestreli pamoja na dawa ya ARV iitwayo efavirenzi. Kiasi cha homoni katika damu yao kilishuka kwa takriban nusu kikilinganishwa na cha wanawake wasiotumia ARV, na watatu walipata mimba kabla ya mwaka kwisha. Kijiti hicho kwa kawaida hubadilisha hedhi au kuikatisha, na mwanamke wa namna hiyo alikuwa na kila sababu ya kuamini kwamba kukosa damu ni kazi ya kijiti. Efavirenzi imeachia nafasi yake kwa dolutegraviri katika matibabu ya mwanzo ya nchi nyingi, lakini funzo linabaki kwamba kipimo cha mimba hutangulia dhana nyingine yoyote.

Njia ya tatu hupita katika damu, na ndiyo ya hatari zaidi kwa sababu inaweza kuua katika siku chache. Mfano wake wa karibu ni homa ya dengue, ambayo huenezwa na mbu aina ya Aedes anayeuma mchana, na ambayo wengi wa mwambao huiita kidingapopo. Jina hilo lina historia yake: daktari James Christie, aliyefanya kazi Zanzibar, aliandika juu ya mlipuko wa mwaka 1870 ambao wenyeji waliuita kwa jina la kidinga, na wapo wataalamu wanaoamini kwamba neno "dengue" la lugha za Ulaya lilitoka kwenye jina hilo la Kiswahili, ingawa wengine husema kwamba ugonjwa alioueleza Christie huenda ulikuwa chikungunya, ambayo nayo ilichukua jina lake kutoka Kimakonde baada ya mlipuko wa mwaka 1952 katika eneo la Newala. Dar es Salaam imekumbwa na milipuko ya dengue mwaka 2010, 2014 na 2019, na Mombasa pia haikusalimika.

Kirusi cha dengue hupunguza chembe sahani, yaani vipande vidogo vya seli vinavyoziba tundu pale mshipa wa damu unapochanika, na wakati huohuo huifanya mishipa ivujishe maji. Mtu mzima mwenye afya ana chembe sahani 150,000 hadi 450,000 katika kila maikrolita ya damu. Mgonjwa wa dengue anaweza kushuka chini sana ya hapo. Mji wa mimba ulio katika hedhi ni eneo lenye mishipa mingi iliyo wazi kwa wakati mmoja, na damu yake husimama kwa msaada wa chembe hizo, kwa hiyo dengue ikiangukia siku za hedhi, damu ya kawaida inaweza kugeuka kuwa mafuriko, na wakati mwingine hedhi huja kabla ya tarehe yake. Hatari huwa kubwa kati ya siku ya 3 na ya 7 ya ugonjwa, hasa pale homa inaposhuka, wakati ambapo familia huanza kushangilia kwamba mgonjwa amepona.

Hapo ndipo duka la dawa linapoweza kuwa sehemu ya tatizo. Mwanamke mwenye homa, maumivu ya mgongo na tumbo la hedhi hupima malaria, akaambiwa hana vimelea, kisha akanunua diklofenaki, ibuprofeni, aspirini au asidi ya mefenami, dawa ambazo kwa tumbo la hedhi la kawaida ni nzuri na zinajulikana kwa kila binti wa shule ya bweni. Dawa hizo huzuia kazi ya chembe sahani na huchokoza utando wa tumbo, na kwa mtu ambaye chembe hizo zimeshapungua ni kuongeza tundu katika mtungi unaovuja. Katika homa yoyote inayoshukiwa kuwa dengue, dawa ya maumivu inayokubalika ni paracetamol, kwa mtu mzima isizidi vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku, pamoja na maji mengi na kipimo cha picha kamili ya damu kinachohesabu chembe sahani. Damu ikiwa nyingi, daktari anaweza kuisimamisha hedhi kwa vidonge vya homoni.

Homa ya ini ya aina ya B na C nayo, ikishalikomaza ini kwa miaka, huvuruga hedhi kwa kuwa ini ndilo linalotengeneza protini za kugandisha damu na kuondoa estrojeni iliyokwisha kazi. Kirusi cha papiloma, ambacho aina zake mbili za 16 na 18 husababisha karibu asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi, hakigusi mzunguko wenyewe, ila damu ya saratani hiyo huja ikijifanya hedhi: hutoka katikati ya mwezi, baada ya tendo la ndoa au miaka mingi baada ya siku kukoma. Mama wa miaka 58 anayesema kwamba ujana umemrudia anahitaji kuchunguzwa mlango wa kizazi juma hilohilo, kama ambavyo binti wa miaka 9 hadi 14 anahitaji ile dozi moja ya chanjo ambayo Tanzania inaitoa tangu mwaka 2024.

Hedhi iliyosogea kwa siku chache baada ya homa, ikarudi mwezi unaofuata, haidai matibabu. Inayodai ni ile iliyokosekana kwa miezi mitatu huku kipimo cha mimba kikisema hapana, na ile inayoloanisha pedi nzima kila saa kwa saa mbili mfululizo, ambayo haingoji kesho, hasa ikiambatana na homa, fizi zinazotoa damu au kizunguzungu. Mwanamke anayekwenda kituo cha afya kwa homa ya aina yoyote na aandike tarehe ya siku ya kwanza ya hedhi yake ya mwisho katika simu au nyuma ya kadi yake, na amtajie mhudumu hata kama hakuulizwa.